Mbawakawa wa Tata Nyambura

Jumamosi, Ruiru. Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kuvaa soksi ndani ya nyumba, na bado nina furaha ya kuchekacheka peke yangu.

Tangu juzi shangazi yangu, Tata Nyambura, ananitumia picha za mbawakawa mweusi kutoka shamba lake la Gatuanyaga. Miche yake ya sukumawiki inakatwa shinani, na kila akifukua udongo anamkuta huyo hapo hapo. Kwake kesi imekwisha. "Huyo ndio mwizi," aliniambia kwa simu. "Jumamosi jioni nanyunyiza shamba yote."

Mimi hutambua mbawakawa kwa kujifurahisha tu, na picha zile zilinishinda. Zote zimepigwa kutoka juu, weusi mtupu. Kuna mbawakawa weusi wanaotafuna miche, na kuna wa familia nyingine wanaowinda wadudu. Njia moja ya kuwatenganisha ni wayo wa mguu wa nyuma: watafuna miche wana pingili nne, wawindaji wana tano. Nani ataziona hizo kwenye picha ya simu?

Nikamwomba anitumie mdudu mwenyewe.

Mkebe umefika leo mchana kwa bodaboda. Tata hajui kutuma kitu kidogo. Aliniambia kwa simu kuwa amewafungia washukiwa wote pamoja: mbawakawa, viwavi wanono aliowafukua kwenye miche, na jani la sukuma wasije wakaona njaa njiani. Nilikasirika kweli. Vielelezo hai havichanganywi!

Nikafungua. Jani zima, halijaguswa. Viwavi hakuna, ila vipande vya ngozi. Mbawakawa ametulia katikati, tumbo limejaa.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Hata hivyo nikashika lenzi, maana kazi ni kazi. Pingili tano. Mataya makali yametokeza mbele. Ni Calosoma, mwindaji wa viwavi. Spishi gani, bado sijui.

Nikampigia Tata haraka. Alipokea akiwa na pampu ya dawa mgongoni.

"Ati amewakula wote? Ngai! Kumbe nilikuwa naua mfanyikazi wangu?"

Nikasikia pampu ikitua chini. Sijawahi kufurahia mlio kama ule.

Kawaida kielelezo kikifika mezani kwangu huishia kwenye pini, na sina hata Calosoma mmoja kwenye sanduku langu la wadudu waliokaushwa. Nimejaribu kujishawishi jioni yote nimchome pini, nimeshindwa. Kesho nikitoka kanisani nampeleka Gatuanyaga, akaendelee na kazi.