Jino ya Nyuma, Bila Sindano

Jumatatu, 5 février 2001. Butembo

Shavu imevimba tena. Infirmier, muuguzi wetu, aligusa chini ya taya, akasema usaa ikishuka mu shingo itanifunga pumzi. Donc jino itoke mu siku nane. Mais daktari wa meno ni mumoja tu, Ézéchias, kule Beni, na sindano za ganzi zilimuishia — barabara ya Kasindi imefungwa, dawa haipite. Na huyu Ézéchias, ku Noël nilimuuma kidole, nikakimbia na kitambaa yake ku shingo. Aibu ninayo. Woga, hapana tena.

Jumanne, 6 février

Masœur Nadège wa paroisse alinifundisha sala ya kimya. Kaa. Funga macho. Fuata pumzi, hesabu mupaka kumi, anza tena. Mawazo ikikuja, iache ipite kama mutu wa njia. Anasema kichwa njo inafanya maumivu ikuwe kubwa. Sijue kama yeye alishang'olewa jino.

Nilijaribu nyuma ya nyumba. Nilifika ku ine, nikawaza mahindi ku moto. Nikaanza tena. Mimi ninafundisha batoto sitini mu classe moja, kichwa yangu moja itanishinda?

Alhamisi, 8 février

Asubui nilikaa vile vile, macho imefungwa. Nikasikia mutu anaguna. Kufungula macho — bamama saba bamekaa chini, vitambaa ku kichwa, bamoja banalia polepole. Jirani yangu Hadjara alileta sufuria ya maharagi. Aliniona siku mbili niko kimya, uso imevimba, akaambia bengine nimefiwa. Siku hizi nani anauliza mbele? Unakuja, unakaa.

Mumoja wao, Kanyere, akaniuliza polepole: ni nani alikufa?

Nikasema: ni jino.

Kisha Hadjara akaanza kucheka, na sisi wote, mupaka taya ikanichoma. Maharagi tulikula. Nikabaonyesha namna ya kuhesabu pumzi, bakakaa nami kidogo, kimya. Mule ndani Kanyere akalia kweli, juu ya kaka yake aliyebaki Mabalako ku vita. Hatukumuzuia.

Jumamosi, 10 février

Kumi mara tano bila kupotea! Nilibonyeza jino na kidole huku ninapumua. Iliuma. Sikusimama. Niko tayari.

Jumatatu, 12 février. Beni, Bungulu

Nilipanda camion ya Ramazani asubui sana. Barrière tatu, askari banauliza karatasi, mimi ninapumua.

Ézéchias kuniona tu, akaficha mukono nyuma. Nikamuambia: daktari, nilijifunza. Akasema bila sindano, nikitingishika kidogo tu, muzizi itavunjika na itabaki ndani na usaa yake yote. Sawa. Nikafunga macho, nikafungula kinywa. Moja. Mbili. Koleo ikashika. Maumivu ilikuja, ilikuja yote, na mimi nilibaki pale pale ku kiti. Nilisikia jino inaanza kucheza. Nilikuwa ku saba.

Masasi ya bunduki. Karibu, upande wa soko. Infirmière wake akajitupa chini. Ézéchias akaingia chini ya meza na koleo yake.

Sasa imenyamaza. Ningali ku kiti, pamba mu kinywa, kitabu hii ku magoti. Jino iko nusu nje. Ninatema damu mu sahani. Infirmière ameenda kufunga mulango. Ézéchias ametoka chini ya meza, mais mikono yake inatetemeka, hawezi kushika hata pamba. Anasema nirudi kesho. Kesho ya nani? Koo imeanza kunibana tangu jana.

Nikamuonyesha kiti kidogo, nikasema na pamba mu kinywa: kaa, daktari. Funga macho. Fuata pumzi. Alinitazama kama mutoto aliyeambiwa afute ubao. Akafunga.

Siwezi kusema muzuri, donc ninamuhesabia kwa kidole ku meza, na mukono ingine inaandika. Alipotea mara mbili, nikaanza upya. Sasa yuko ku sita. Mukono wake wa kushoto imetulia. Ile ya koleo bado.