Nani Atasema Sasa

Jumamosi, Naivasha

Boti imekataa tena. Matanga yake ya upepo hayana shida. Ni hii injini yake ya dizeli, ambayo ina karibu umri wangu na naanza kuamini inanichukia mimi binafsi.

Hewa imeingia kwenye paipu ya dizeli, hiyo najua. Unalegeza skrubu, unapampu mpaka mapovu yaishe, unakaza, halafu mtu anawasha. Ni kazi ya watu wawili. Mke wangu Wambui ndiye alikuwa anaingia huko chini, kwa sababu mkono wake ni mdogo na wangu haupiti. Mimi nilikaa juu na ufunguo. Mapovu yakiisha anapiga kelele, "Sasa!" Nami namjibu "Poa!" kama tunasalimiana barabarani, ndio niwashe. Upuzi wetu wa miaka yote, na kila mara alicheka.

Leo nimejichubua vidole kwenye skrubu hiyo mchana kutwa. Nikipanda kuwasha, inakohoa, inazima. Mwishowe nikaitukana kwa sauti, na viboko pekee ndio walinijibu.

Wambui alienda Kanada kumsaidia binti yetu na mtoto mchanga, ilikuwa iwe miezi mitatu tu. Mtoto ameshaanza kutembea. Sijamuuliza anarudi lini. Naogopa atanijibu.

Jioni akapiga simu, nikiwa bado nanuka dizeli.

"Sasa?" akasema.

Kabla sijafungua mdomo, mkono wangu ulikuwa umeshazunguka hewani, kama umeshika ufunguo.