Matofali Tisa Mekundu

Jumatatu, 3 Julai 1995

Leo mwanangu Soumaya hakunionyesha karatasi ya mchoro. Mara ya kwanza! Tangu shangazi yake alipotuma lile boksi la matofali ya plastiki ya kuchezea kutoka Ubelgiji, sheria ni moja: tunahesabu, tunachora, ndipo tunajenga. Daftari la vijisanduku, kijisanduku kimoja ni kinundu kimoja cha tofali, kila safu na ukurasa wake. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka tisa, nikichora ramani za nyumba kule mtaa wa Rohero, mpaka patron, bosi wetu, alipofunga ofisi na kuhama nchi. Mwanangu ana miaka minane na anashika rula vizuri kuliko baadhi ya wenzangu wa zamani.

Sasa anajenga na Mathilde. Bila karatasi! Mathilde alikuwa akiuza mboga jirani na gereji ya mume wangu Moubarak, mtaani Kamenge. Watu walipokimbia mapigano huko mwezi uliopita, Moubarak alimleta kwetu Buyenzi na kifurushi kimoja. Nilikubali mwenyewe. Kitanda nilimtandikia mwenyewe.

Jumatano, 5 Julai

Wamejenga kuku. Kuku! Ana mkia wa bluu na anasimama. Nilisema tu kwamba miguu haina vipimo. Soumaya akajibu: "Mama, we unachoraka tu. Tantine yeye anajenga." Mathilde keshakuwa Tantine, shangazi! Moubarak alicheka mpaka chai ikammwagikia. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 7 Julai

Nina wivu. Basi, nimeandika. Namwonea wivu mtu asiye na hata sahani yake.

Nilichora msikiti mzima, safu kumi na mbili, na rangi zote. Nikamwita Soumaya. Kesho, anasema. Wanajenga nyumba ya Tantine, ile ya Kamenge iliyobomolewa. Mathilde anaeleza mlango ulikuwa wapi, jiko wapi, mtoto anaweka. Kwa macho tu! Na inapendeza, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 8 Julai

Limebaki paa, la matofali mekundu. Walipokwenda kuchota maji nilitoa matofali tisa mekundu, nikayatia mfukoni. Nilitaka ikwame tu. Nilitaka aje kwangu kuomba penseli.

Jumapili, 9 Julai

Imekwama. Soumaya hakulia. Wala hakuja kwangu. Alifungua ukurasa wa kwanza wa daftari, ile orodha tuliyoandika siku boksi lilipofika: mekundu, sitini na nne. Akahesabu. Hamsini na tano. Akahesabu mara ya pili, kama nilivyomfundisha — akiyapanga kumi kumi.

Kisha akamgeukia Mathilde: "Tantine, ni we ulibeba? Tuko wane tu mu nyumba. Papa hayachezeake. Na Mama hawezi, ni yeye aliandika liste."

Mathilde alinitazama mimi, akangoja. Nikamwambia Soumaya hivyo sivyo watu wazima wanavyosemeshwa. Nikaishia hapo! Nikaenda kuchambua mchele ambao ulikuwa safi.

Jumatatu, 10 Julai, saa kumi na moja jioni

Mathilde amefunga kifurushi. Hakupandisha sauti: "Mama Soumaya, mulinipokea vizuri, Mungu awalipe. Lakini siwezi kulala mu nyumba penye mutoto ananiona mwizi. Narudi kwetu."

Kwetu wapi? Kule Kamenge hakuna paa hata moja. Jana risasi zilisikika upande huo mchana kutwa, na vizuizi vya askari viko njia nzima.

Matofali yako mfukoni mwangu, yananichoma paja nikikaa. Soumaya yuko chumbani, ameibomoa nyumba yote na kuirudisha kwenye boksi. Moubarak amesimama langoni, ameushika ufunguo, anamsihi. Ananiita. Mara ya tatu sasa. Anasema we ndiye mama wa nyumba, mwambie abaki, wewe atakusikia.

Nimejibu nakuja, namalizia kuandika.