Mdogo Wetu Amesema Bado

Kaka yangu,

Kaa kwanza. Mdogo wetu, ambaye tangu utotoni akili yake hujifunza polepole na huitikia ndiyo kwa kila kitu, jana alikataa. Msaidizi wake mpya alimwita kuoga, naye mdogo wetu akachungulia ndoo, akasema, "Bado." Msaidizi, dada wa watu, akachovya kiwiko, akaongeza maji baridi, akamwambia aguse mwenyewe. Akaoga huku anaimba.

Lile kovu lake la mgongoni, msaidizi wa kwanza alituambia ni uji wa moto uliomwagikia. Sasa najua ni maji ya kuoga.

Basi nyumba nzima ni bado: viatu bado, kulala bado. Ametuchosha, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Nimemwambia naifunga barua, kasema bado.

Nasubiri ruhusa yake,
Dada yako