Fundi Aliyejipima Mwenyewe

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako kabla sijashika tena mkasi, maana kitambaa kilichobaki kinatosha gauni moja tu.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na moja huu, na kazi yangu kubwa ni magauni ya harusi, na sijisifu nikisema wengi waliopita mikononi mwangu waling'ara mpaka wakwe wakauliza kama ni yuleyule, kwa sababu mimi bibi harusi simfichi kitu, nikimpima namwambia ukweli wake, wewe mabega mapana tukuchongee shingo ya V, wewe tumbo limetangulia sketi ianzie chini ya kifua, na kila anayeingia namsimamisha mbele ya kioo namwambia, "Simama wima, tazama mbele, pumua kawaida." Sasa na mimi nimepata mchumba, fundi wa mafriji, mtu mpole, na harusi ni wiki tatu zijazo. Umbo langu nalijua, juu mwembamba, chini nimejaaliwa, kimo nacho ni cha kuomba kiti nikitaka kufika kabatini, yaani mteja mwenye umbo hili ningemkataza gauni la samaki, lile linalobana mpaka magotini kisha linamwagika, ningemkataza kabla hajakaa, lakini Mshauri, gauni hilo nimelitamani tangu nilipokuwa nafundishwa kushona vifungo, basi nikajishonea.

Nilijipima mwenyewe. Nikifika nyongani nainama kusoma namba, nikiinama futi inateleza, nikiinuka namba imenitoka kichwani, mwishowe nikaandika ile niliyoipenda, tena nikapunguza inchi mbili kwa kujiambia kwamba mpaka siku ya harusi nitakuwa nimepungua, jambo ambalo mteja akiniambia huwa namcheka waziwazi. Gauni la kwanza halikupita mapajani. La pili lilipita ila sikuweza kukaa, mama yangu akanizunguka mara mbili akasema, "Mwanangu, ngazi za ukumbini utazipanda mwenyewe au tukubebe kama godoro?" Nikacheka, kisha nikalia. Mchumba wangu anasema nivae chochote, eti alinipenda nikiwa na futi shingoni na nyuzi kichwani, lakini huyo hata nikivaa pazia atasema nimependeza, kwa hiyo hafai kuulizwa.

Mtu ninayemwamini kunipima ni mmoja tu, fundi wa mlango wa pili. Tulifundishwa na mwalimu mmoja, tukila sahani moja, lakini mwaka juzi bibi harusi mmoja aliniacha akaenda kwake, nami kwa hasira nikasema mbele ya wateja kwamba yule hapimi, anakisia, na maneno yakamfikia siku hiyohiyo. Tangu hapo tunapishana koridoni kama watu wasiojuana, na ukweli ninamkumbuka sana. Nikienda leo atanicheka, na ana haki. Nisipoenda, nitasimama mbele ya watu nikiwa kichekesho, mimi niliyewavika wenzangu wote wakapendeza. Nifanyeje?

Ni mimi, Fundi wa Inchi Mbili

JIBU

Fundi wa Inchi Mbili, pole, hongera, na shika adabu yako. Yote matatu unayastahili. Nimekusoma nikicheka mpaka chai ikapoa, kisha nikafika kwa huyo jirani yako, kicheko kikaisha.

Tuanze na gauni. Kinyozi hajinyoi, mwanangu, na wewe umeshajinyoa mara mbili unanoa wembe wa tatu! Hebu jiulize: unachokipenda kwenye hilo gauni la samaki ni kule kubana, au ni lile pindo linavyomwagika? Nadhani ni pindo. Basi pindo utalipata bila kujifunga kama kifurushi. Juu likushike vizuri mpaka kiunoni, na mstari wa kiuno upandishwe juu kidogo ili miguu ionekane mirefu. Kuanzia hapo sketi ishuke laini, ipite nyongani bila kung'ang'ania, ifunguke polepole mpaka chini. Mapambo yote na lesi yapeleke mabegani na kwenye shingo pana, watu watazame usoni. Maua makubwa nyongani hapana. Satini ya kung'aa sana nayo hapana, inatangaza kila kitu. Mkia uwe mfupi, la sivyo kwa kimo chako gauni litaingia ukumbini na wewe ufuate baadaye.

Najua unayajua haya yote. Nakwambia kwa sababu umezoea kuwaambia wengine, na hakuna aliyewahi kukwambia wewe.

Na kile kitambaa cha mwisho kisiguswe kwanza. Wewe na atakayekupima jaribuni kwa shuka kuukuu, ukiwa umevaa viatu vya siku yenyewe. Kaa, panda ngazi, mkumbatie mama yako. Ukishindwa lolote kati ya hayo, fumueni.

Sasa la jirani, na hapa sikubembelezi. Ulisema anakisia. Zile inchi mbili alikisia nani? Usimtumie ujumbe, usimtume mama, wala usinyemelee asubuhi kabla hajafungua. Nenda wakati wateja wamejaa, maana ulimtukana mbele ya wateja. Sema, "Nilisema unakisia. Nilikosea. Aliyekisia ni mimi, na ninaomba radhi." Ukimaliza, nyamaza. Akicheka, cheka naye, kwa kweli unachekesha. Akikataa, utarudi moyo ukiwa mwepesi, mama atashika futi na kusoma namba kwa sauti. Lakini watu waliokula sahani moja hawasahauliani upesi, na mimi nadhani naye anakukumbuka.

Akikubali, mpe futi yako mwenyewe mkononi, na mkasi mwachie yeye. Namba atakayosema ndiyo hiyo, hakuna kupunguza. Atakapokusimamisha mbele ya kioo chake utatamani kuinama uchungulie. Usiiname. Simama wima, fundi wangu, tazama mbele, pumua kawaida.