Gari la Kaka Halishiki Barabara

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Kifua cha shemeji kimetulia? Mimi mwili mzima, moyo ndio umechafuka, na utaona sababu.

Gereji ya baba ingali imesimama, ingawa paa linavuja pale pale ulipokuwa ukiweka ndoo. Kaka yetu Radi bado anashindana mbio za magari, na tangu mvua ziishe ana lalamiko moja: gari halishiki barabara. Anasema akitoka kwenye kona na kukanyaga mafuta, nyuma kunamtoroka. Unamjua akishikilia neno lake.

Nikaanza na springi. Yeye alitaka ngumu, eti gari lisichuchumae nyuma likiondoka. Nikamwambia springi ngumu kupita kiasi huirusha tairi, na tairi iliyo hewani haivuti kitu. Tulibishana mpaka mkewe akatuletea chai ya kutufunga midomo. Tukafunga za wastani. Akarudi na lalamiko lile lile. Nikaweka shokapu za kurekebishwa, nikazilegeza kidogo kidogo ili tairi ifuate kila tuta. Bado. Nikabadilisha bushi za mpira kwenye mikono inayoshika magurudumu, maana mpira ukichoka gurudumu hujipindia lenyewe. Safari hiyo alirudi amekunja uso, akaniambia labda ufundi wa baba ulinipita kando. Niliumia.

Unaikumbuka sheria ya baba. Dereva akisema gari linateleza, linateleza. Fundi hapandi kumpima dereva, anashika spana. Juzi mchana niliivunja. Kaka alikuwa amejilaza, siku hizi anachoka upesi, nikalitoa gari hadi kiwanja cha nyuma ya ghala, nikakata kona kama anavyozikata yeye, nikakanyaga. Dada, liling'ang'ania lami kama kupe. Nilirudia hadi tairi zikanuka, na halikuteleza hata mara moja. Nilirudi nimejiandaa kumcheka.

Nikamkuta ameamka, anakuja kunipokea. Katikati ya gereji ndala ya mguu wa kulia ikamtoka. Akaendelea kutembea, mguu mtupu juu ya sakafu ile iliyojaa vyuma, akiniuliza leo nimebadilisha nini. Msumari ulimchoma, damu ikawa inatoka, naye anaongea habari za springi. Hakujua.

Wewe ndiye uliyekuwa ukimwokotea baba ndala miguu yake ilipokufa ganzi, wewe ndiye uliyemwogesha hadi mwisho, kwa hiyo sina haja ya kukueleza. Gari halina ubaya. Mguu wa kaka haujui tena umekanyaga kiasi gani; anayamwaga mafuta yote kwa mpigo mmoja, ndiyo maana nyuma kunamtoroka. Muda wote huo nilikuwa natwanga maji kwenye kinu.

Mashindano ni Jumamosi, na ile barabara ina korongo upande mmoja. Nilitaka kumwambia, nikajikuta nashika spana. Basi nakuungamia nilichofanya. Nimeifungua nyuma yote ya gari, springi, shokapu na mikono, na nati zake nimezizamisha kwenye pipa la oili chafu. Nimemwambia ninamtengenezea nyuma itakayoshika kuliko gari lolote. Ameniamini. Anakaa kwenye kigoda cha baba ananishikia taa, na jana aliniomba radhi kwa lile neno lake. Anasema safari hii nimepatia.

Naogopa sana, dada. Njoo kabla ya Jumamosi, umwambie wewe, maana wewe anakusikiliza. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha namna hiyo nyumba hii imeshakisikia.

Nimemnunulia viatu vya kamba, nikamwambia ni kwa ajili ya vyuma vya sakafuni. Asubuhi namfungia mimi mwenyewe. Anacheka, anasema namdekeza.

Nibusie watoto, na shemeji mwambie apunguze vumbi. Chumba chako nimekifagia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba