Jirani Anasingiziwa Uchawi, na Mimi Najua ni Damu Yangu

Kwako mshauri wetu,

Nakuomba unisaidie maana sina mwingine wa kumwambia, mimi ni mke wa askari, tunakaa hapa Kampala upande wa Bugolobi, mtoto wetu wa kwanza ni mzima na anasoma, lakini wa pili, Kamis, siku ileile aliyozaliwa chumbani kwa mama mkwe aligeuka manjano hata macho, na leo ana miaka miwili, shingo haijakaza, hasikii hata mlango ukibamizwa, na daktari pale hospitali ya Mulago alinieleza, mume wangu akiwa kambini, kwamba damu yangu na ya mume wangu si aina moja, mtoto akachukua ya baba yake, mwili wangu ukaiona ni adui ukatengeneza kinga, kinga ikapita kwenye kondo la nyuma ikaivunja damu ya mtoto, na alipozaliwa umanjano ukapanda mpaka kwenye ubongo, basi nikarudi nyumbani nikanyamaza, kwa sababu mama mkwe husema mwanamke mwenye damu mbaya hurudishwa kwao.

Sasa mama mkwe anasema mtoto karogwa na jirani yetu Akot, mjane anayeuza mihogo soko la Nakawa, eti alimbeba akiwa mchanga, na mume wangu ameamini, jana akasema, "Mimi nitasema neno moja tu kwa wenzangu kazini, huyo mama hutamwona tena." Nikamwambia, "Baba Kamis, ngoja kwanza." Akasema, "Ningoje nini? Wewe unajua kitu?" Nikasema sijui. Mshauri, mume wa Akot alichukuliwa na askari mwaka juzi hakurudi, na mimi nina mimba tena. Nifanye nini?

Mama wa Wawili

JIBU

Mama wa Wawili, pole kwa Kamis. Damu yako si mbaya, wala hukuichagua. Lakini uliulizwa kama unajua kitu, ukasema hujui, na hilo ulilichagua. Umelinda ndoa yako kwa shingo ya mwenzio.

Gazeti hili hutoka Ijumaa, na jirani yako hakuweza kuingoja. Nilimtuma mtu sokoni mara nilipomaliza kusoma barua yako. Akot, jina nililolibadilisha hapa gazetini, alisikiliza, akasema, "Yule mtoto nilimbeba kwa sababu mama yake alikuwa amechoka." Akaacha mihogo mezani, akaondoka. Yuko mbali, kwa ndugu zake. Usimtafute.

Sasa wewe. Usimkabili mumeo peke yako. Mwite baba yake mdogo, au mzee wa msikiti anayemheshimu, useme mbele yake: hakuna aliyeturoga, damu zetu hazikupatana, daktari aliniambia nikaogopa. Sindano ya kuzuia kinga hiyo, wanayochomwa wenye damu kama yako, haitakufaa tena, kinga imekwisha kujijenga. Lakini daktari akijua mapema atakuwa akiipima damu yako, na mtoto akizaliwa manjano wanaweza kumbadilishia damu kabla ubongo haujadhurika. Kwa hiyo uzae hospitali, si chumbani kwa mama mkwe.

Mumeo akikubali, nendeni kliniki wote wawili wiki hii. Akikufukuza, pitia kliniki kwanza, ndipo uende kwenu.